Usipopishana na Gari, Geuza

Saint-Orlin, Jumapili 4 Mei 2025

Kaka Léonard,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana kwa kina na nafsi yangu peke yake, naomba kuutangazia ukoo wetu wote, ulioko Uvira, ulioko Durban, na ule uliokwama katikati kwa ajili ya karatasi, ya kwamba mimi binti yenu Colette nimenunua baiskeli. Ni ya kijani. Ina kengele na kikapu. Ilikuwa ya mjane mmoja wa hapa kijijini, ambaye aliitazama mara ya mwisho kama mtu anayeozesha binti kwa ukoo asioujua vizuri. Sherehe hazitakuwapo. Zawadi zitapokelewa.

Usicheke, sina njia nyingine. Unamjua Estella, yule Mreno ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee kule Montgrain. Ndiye anayenibeba kwenye gari lake kila asubuhi tangu niajiriwe. Mwisho wa mwezi huu anarudi kwao Ureno, moja kwa moja. Leseni ya udereva ya hapa Ufaransa bado naitafuta. Mtihani umeniangusha mara mbili, na mara ya pili mtahini alipokwisha kushuka aliegemea ukuta kwanza ndipo akaandika. Basi linapita siku ya soko tu. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu tarehe mbili Juni ni baiskeli, au kazi ipotee nibaki nyumbani kulinda kuku wa jirani.

Lakini njia yenyewe, Kaka, ingekufurahisha. Zamani ilikuwa reli. Treni ilipoacha kuja wakang'oa vyuma, wakamwaga changarawe nyeupe, wakaweka kibao: gari lolote ni marufuku. Inapita nyuma ya mashamba, katikati ya malisho, na haina kilima maana treni nayo haikupenda kupanda. Leo nimeijaribu. Asubuhi nzima sikuona gari hata moja. Wala mtu. Nyumba chache zilizo kando zimefunga madirisha kwa mbao. Ng'ombe weupe tu, wananitazama kama maofisa wa uhamiaji.

Nilifika mpaka kwenye daraja refu la mawe, katikati ya safari, pale msitu unapoanza. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, nikarudi.

Msalimie wifi yangu Larissa.

Mdogo wako,
Colette


Durban, Jumanne 6 Mei 2025

Mdogo wangu Colette,

Barua nimeipata. Ukurasa wa pili umeupiga picha kidole kikiwa juu ya bei ya baiskeli, na sidhani kidole kile kilipita pale kwa bahati mbaya. Hata hivyo nafurahi tunaendelea kuandika kwa kalamu kama Baba alivyotaka, hata kama siku hizi karatasi inasafiri kwa simu. Alikuwa akisema simu ni ya kelele, barua ni ya maneno.

Niliisoma dukani hapa Greyville, kwa sauti, kwa ajili ya Mzee Papy. Macho hayamsaidii tena, na habari zako anazipenda. Unamkumbuka Papy, yule utingo wa lori la Baba, aliyekuwa akitunyanyua kwa mikono miwili na kutuingiza kwenye kebini? Sasa anauza vifuniko vya simu kwenye meza yangu ya mbele, na kusinzia kati ya mteja na mteja. Nilipofika pale "sikuona gari hata moja", nikashindwa kuendelea.

Colette. Hakuna gari? Hakuna mtu? Madirisha yamefungwa? Umesahau mlima wa Ngomo?

Mimi sijasahau. Sisi wawili kebinini, wewe katikati, mzigo wa maharage nyuma na abiria juu ya mzigo. Tunapanda kwenda Bukavu, kona baada ya kona, na Baba ghafla anakanyaga breki. Anasimamisha lori. Anatazama mbele, kisha anasema yale maneno: "Usipopishana na gari, geuza. Mtu akitoka mbele, njia iko sawa. Asipotoka mtu, mbele iko kitu." Akageuza lori zima kwenye upana wa mkeka, tukarudi Uvira. Mwaka uliofuata, kona ileile, malori yalichomwa. Watu wa mtaa walisema dereva wetu ana macho ya nabii.

Nilipomkumbusha Papy maneno hayo, alicheka. Nikamwambia, "Mzee, hii si ya kuchekea." Akasema, "Sawa, chef," kama anayemjibu bosi wake, akarudi kusinzia. Uzee.

Sikiliza. Hapa Durban barabara ikiwa tupu mchana kweupe, mwenye akili hasubiri hata robot, taa ya barabarani, igeuke kijani. Mimi nalala usingizi mzuri Overport kwa sababu teksi zinapiga honi chini ya dirisha usiku kucha. Zikinyamaza, nitaamka. Acha hiyo njia. Tafuta mwingine mwenye gari akubebe.

Larissa anasema anataka picha yako na kofia ya baiskeli. Mimi nataka picha yako ndani ya gari.

Kaka yako,
Léonard


Saint-Orlin, Jumapili 11 Mei 2025

Kaka Léonard,

Mbele iko kitu, ni kweli. Iko kibanda cha reli kinachouza asali, mwenye nacho hayupo, unaacha hela kwenye kopo na kwenda zako. Nani anatega watu kwenye njia ya namna hiyo? Nyuki?

Magari hayapo kwa sababu yamekatazwa. Nilikuandikia. Watu wanatoka Paris, wanatoka Uholanzi, wanalipa hela kulala kwenye hoteli, kisha wanaamka kutafuta njia kama hii, yenye changarawe, isiyo na gari. Wanaiita mapumziko. Wiki nzima nimekutana na mmoja tu wa kunisalimia, naye alikuwa mbwa. Madirisha yamefungwa kwa sababu wenye nyumba wamezeeka wakahamishiwa Montgrain, na mimi ndiye ninayewaogesha. Vita gani, Kaka? Huku hata ndoo haina wa kugombania.

Jumatano nilitoka tena baada ya kazi. Tairi kwenye changarawe ile linatoa sauti nzuri, kama mtu anayetafuna karanga kwa adabu. Nilifika darajani mvua ikaanza, nikarudi. Jana nikatoka mapema kabisa. Mnyororo ukaanza kulia palepale darajani, nikaona nisiutese.

Mwambie wifi kofia ninayo. Inanifanya nifanane na kobe. Picha haitatumwa.

Colette


Durban, Alhamisi 15 Mei 2025

Colette wa Mama,

Nilitaka kukujibu kwa hasira, lakini Larissa alichukua barua zako zote mbili, akazisoma jikoni akikoroga bugali, na akanirudishia zikiwa na alama ya unga.

"Dada yako anaogopa," akasema.

"Anaogopa nini? Mimi ndiye ninayeogopa. Yeye ananicheka!"

"Papa Prodige," akaniita kwa jina la mtoto wetu, "soma vizuri. Mara ya kwanza, jua. Mara ya pili, mvua. Mara ya tatu, mnyororo. Huyu mtu barua zake zote zinakufa darajani."

Nikasoma tena. Eish. Miaka yote hii namlisha mwanamke huyu nikidhani anatazama sufuria.

Basi nakuuliza bila mzaha, na usiniletee ng'ombe. Daraja lile umeshalivuka?

Léonard


Saint-Orlin, Jumapili 18 Mei 2025

Kaka,

Bado.

Mwambie wifi yangu ana macho mabaya, na nampenda.

Baiskeli haina tatizo, wala jua halikuwa kali. Nikifika pale, malisho yanaisha, miti inafunga pande zote mbili, na njia inaingia ndani nyeupe, imenyooka, haina mtu. Nasimama na mguu mmoja chini. Najiambia, subiri kidogo, akitoka mtu mbele utakwenda. Nasubiri. Hatoki mtu. Kisha naisikia sauti ya Baba kabisa, na ule mkono wake ukihamisha gia karibu na goti langu, na mikono yangu inageuza usukani kabla sijaamua.

Uliponiandikia habari za Ngomo nilikucheka kwa sababu ulikuwa umesema kile nilichokuwa nakificha. Najua ni msitu wa Wafaransa. Najua ndani yake iko asali na wastaafu. Nimepita barabara mbaya zaidi ya hiyo, tena kwa miguu, lakini wakati ule tulikuwa wengi. Sijawahi kupita njia tupu peke yangu, Kaka, tangu siku ile. Wewe umewahi?

Jana nimejaribu mara mbili. Barabara ya magari siwezi kuitumia, malori ya mbao yanapita kama yamechelewa harusi. Kiongozi wa kazi ameniuliza nitakujaje baada ya Estella. Nikamwambia, "Nina baiskeli." Akasema vizuri sana, akaandika. Zimebaki wiki mbili. Nikikosa kufika wiki ya kwanza watamchukua mwingine, na sitawalaumu, wazee wanahitaji kunywa chai kwa wakati.

Usiwasomee watu hii.

Colette


Durban, Jumapili 25 Mei 2025

Mdogo wangu,

Sijawasomea watu. Nilimsomea Larissa, ambaye si watu, ni serikali.

Uliniuliza kama nimewahi. Nilitafakari wiki nzima. Sijawahi. Tangu nifike nchi hii nimetembea kwenye kundi tu. Njia ya mkato ya kupanda Morningside, ile ya ngazi, siipiti. Nazunguka na barabara ya magari hadi viatu vinalia, na kila mara nimejiambia ni kwa afya.

Leo baada ya ibada nikaenda kwa Yaseen, jirani yangu wa duka la vitambaa, mzaliwa wa hapahapa, nikamwomba baiskeli yake. Alinitazama, suti na tai. "Uncle, unakwenda wapi?" Nikamwambia nafanya utafiti. Akasema, "Sharp, hakuna shida, breki ni hii, usiishike kwa nguvu." Sentensi ile ya mwisho niliielewa baadaye, nikiwa chini.

Tukashuka na Larissa mpaka Promenade, ufukweni. Colette, nakwambia, kwa sheria ya Baba hakuna njia salama duniani kama ile. Kila nukta unapishana na mtu. Watoto wa viatu vya magurudumu, bibi mmoja na mbwa watatu, familia imebeba sufuria ya biriani, mabwana wanaokimbia bila kufukuzwa. Nilikuwa natetemeka kama jeli na kila mtu aliyetoka mbele alinisalimia. Mmoja akasema, "Hau, baba, uko sawa?" Nilikuwa sawa. Na hapo, kati ya kuanguka mara ya kwanza na mara ya pili, ndipo nilipoelewa.

Wale watu wote waliotoka mbele walinipa moyo. Lakini wao je? Mimi ndiye niliyekuwa natoka mbele yao! Bibi wa mbwa aliniona, akajua kule nilikotoka kuko salama, ingawa pengine alishangaa nimefikaje.

Sasa sikiliza. Ijumaa tarehe thelathini ni siku ya mwisho ya Estella, si ndiyo? Asubuhi tia baiskeli nyuma ya gari lake. Nenda nayo kazini. Jioni panda ukiwa Montgrain, uje nyumbani kwa njia ya changarawe. Daraja utalifikia kwa upande wa pili, msitu ukiwa mgongoni. Kule mbele hutakuwa unaingia kwenye kitu, utakuwa unarudi kitandani kwako. Ukingoja gari litoke mbele utazeeka. Wewe ndiye gari.

Larissa anasema nimeongea kama mtu mwenye akili, na kwamba niivue suti aisafishe.

Léonard


Durban, Jumamosi 31 Mei 2025

Colette,

Jana ilikuwa Ijumaa. Usiku nimetazama simu. Asubuhi nimetazama simu. Najua nyumbani kwako mtandao hamna mpaka uende karibu na kanisa. Basi nenda karibu na kanisa! Hata kama si mcha Mungu, leo kanisani unahitajika.

Larissa amefagia jikoni mara nne tangu jana. Hilo ndilo linalonitisha.

L.


Montgrain, Jumatatu 2 Juni 2025

Kaka Léonard,

Tazama jina la mji hapo juu.

Nakuandikia kwenye chumba cha kupumzikia cha wafanyakazi, nyuma ya karatasi ya bingo ya wazee, na bado ni mapumziko ya saa sita. Nilinyamaza makusudi. Ningekuandikia Ijumaa, Jumapili ungetoa ushuhuda kanisani, na leo kama ningegeuza tena ungebaki na ushuhuda mkononi kama samaki aliyeoza.

Ijumaa nilifanya ulivyosema. Estella alilia alipoishusha baiskeli, sijui kwa ajili yangu au kwa ajili ya rangi ya gari iliyochubuka. Nikaingia msituni kwa upande wa Montgrain. Kaka, niliogopa, nisikudanganye. Kila kona nikapiga kengele kama Baba alivyokuwa akipiga honi Ngomo, ndefu, fupi, ndefu. Ndege walikasirika. Miti ilikuwa miti. Nikaona mwanga, na ukingo wa mawe, na nikajua ni daraja langu, ila limegeuka.

Na upande wa pili, palepale ninaposimamaga mimi, alikuwapo mtu. Mzee wa Kifaransa, suruali fupi, miguu kama vijiti vya meno, amesimama na mguu mmoja chini. Ameshika usukani, anatazama msitu. Aliponiona alitoa pumzi mpaka nikaisikia.

"Ah, madame! Mtu, hatimaye! Nilikuwa karibu kurudi. Mchana wote sijakutana na yeyote, nikadhani mbele njia imefungwa."

Nikasimama. Nikajikuta nimekwisha kujibu, kwa sauti isiyo yangu kabisa, sauti ya Baba akiwa na mkono nje ya dirisha la lori: "Njia iko sawa. Mimi nimetoka huko."

Akanishukuru, akapanda, akaenda. Aliniamini hivihivi, Kaka, bila kuomba karatasi! Nikalivuka daraja nikicheka na pua inavuja.

Leo asubuhi nilifika pale na ukungu. Hakutoka mtu mbele. Mguu ukashuka, wenyewe. Nikatazama chini. Mvua haijanyesha tangu Ijumaa, na kwenye changarawe kulikuwa na alama ya tairi inayotoka msituni kuja kwangu, nyembamba, inayumbayumba. Ilikuwa yangu. Basi nikaona mtu ametoka mbele, nikapita kando yake, nikaingia.

Nilifika kabla ya chai. Kiongozi ameniuliza, "Njia ilikuwaje?" Nikamjibu, "Foleni hakuna."

Nimepata nafuu, Kaka. Sikujua nilikuwa nimebeba kitu kizito hivi. Nahisi kama mtu aliyetua ndoo akagundua shingo inageuka pande zote.

Mwombee Baba. Alitufundisha kuogopa, lakini alitufikisha.

Colette


Durban, Alhamisi 5 Juni 2025

Mdogo wangu Colette,

Haleluya, na mara hii sioni aibu kuliandika. Larissa aliposoma alikaa chini kwenye kreti ya soda na kujipepea na kifuniko cha sufuria. Kisha akapika wali na kuku katikati ya wiki, na tukala kana kwamba umefaulu chuo kikuu.

Nami jana nilipanda Morningside kwa ngazi. Peke yangu. Sikukutana na mtu ila paka, naye alikuwa anatoka mbele, nikamhesabu.

Umenipa usingizi. Nilichelewa kufungua duka leo kwa sababu teksi zimepiga honi na sikuzisikia.

Endelea kupiga kengele. Vaa kofia, hata ya kobe.

Kaka yako,
Léonard

Nilikuwa nimeshatia sahihi, lakini karatasi ina nafasi na Mzee Papy ameamka. Nikamsomea barua yako, kwa kuwa sasa ni habari njema. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka ile "mwombee Baba", kisha akacheka tena, akacheka mpaka akashika meza na vifuniko vikamwagika.

"Mzee, sasa unacheka nini?"

"Chef, nikisema utakasirika."

"Sema."

"Ile siku, wewe na mdogo wako mulimuuliza Mzee, 'Baba, juu ya nini tunarudi?' Na abiria wote huko juu ya maharage wanasikiliza, na pasta wa kanisa iko kati yao. Angesema nini? Akaangalia barabara, akaona iko tupu, akawaambia ile maneno. Mimi mwenyewe nilisikia mara ya kwanza siku ile."

"Lakini barabara ilikuwa tupu!"

"Ilikuwa Noeli, chef. Nani anapandisha lori Ngomo siku ya Noeli? Ni sisi tu. Na kesho yake si tulipita? Ninyi mulibaki na mama yenu."

"Basi aligeuza kwa nini?"

Akaokota kifuniko kimoja, akakipangusa, akakirudisha mezani.

"Jeki tuliisahau nyumbani."